Sura ya Saba: Nati Mbili Chini ya Pikapu

Fundi alijaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wanaoutumia waashi kupimia usawa wa msingi, akanishikisha ncha moja. "Simama hapo, mwalimu. Usiinue, usishushe." Akashika ncha ya pili na kuanza kuzunguka uwanja wa gereji yake, anachuchumaa, anaangalia maji, anasogea tena. Tulikuwa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, asubuhi ya Julai yenye upepo unaokata masikio. Gari langu lilikuwa bado nje, kando ya barabara. Hakutaka kuligusa kabla hajajua ni wapi uwanjani ardhi imelala sawasawa. Alipopapata akachora kwa chokaa mistari minne ya kukalia matairi, akajifuta mikono kwa tambara, akasema, "Sasa lete."

Nimepeleka magari gereji kwa zaidi ya miaka ishirini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona fundi anaanza na ardhi. Alichokuwa anakitafuta ni kimo cha pikapu upande wa mbele, na kimo hicho kinaamuliwa na nati mbili tu, moja kushoto, moja kulia, zilizojificha chini ya tumbo la gari. Mwenye pikapu yeyote Mbeya au Iringa amewahi kushauriwa azikaze. Ni wachache sana walioelezwa zinafanya nini.

Ukilala chini ya Hilux ya zamani inayovuta magurudumu yote manne, mara nyingi utaona fimbo ya chuma ya duara, nene kama kidole gumba cha mtu mzima, inayoanzia kwenye mkono unaoshika gurudumu la mbele na kurudi nyuma sambamba na chesisi, hadi karibu na miguu ya dereva. Kila upande una yake. Mafundi wanaiita tosheni baa, au tosheni tu. Haifanani na springi hata kidogo, na ndiyo maana mtu anayeinama kutafuta springi ya mbele huipita kwa macho. Lakini springi ndiyo hiyo. Koili hubonyea, majani hupinda, tosheni hujisokota.

Wafikirie watu wawili mtoni wanaokamua blanketi lililoloa. Mmoja amekaza mikono yake, hasogei. Mwenzake anasokota. Kadiri anavyosokota ndivyo blanketi linavyotaka kurudi, na akilegeza mikono litamrudia kwa nguvu. Gurudumu ndiye huyo anayesokota: likipanda juu ya jiwe, mkono wake unapanda nalo na kuisokota fimbo, jiwe likiisha, fimbo inajirudi na kulisukuma gurudumu chini. Yule aliyekaza mikono ni kipande kifupi cha chuma kilicho mwisho wa fimbo, nyuma, kinachozuiwa na bolti ndefu. Na kwenye bolti hiyo ndipo ilipo nati yetu.

Sasa tuseme yule aliyekaza mikono ameamua kugeuza viganja vyake kidogo, kisha akakaza tena. Blanketi lenyewe ni lilelile, halikunenepa wala halikufupika. Kilichobadilika ni mahali linapoanzia. Hiyo ndiyo kazi ya nati, yote. Ukiikaza, mwisho wa nyuma wa fimbo unageuka, mwisho wa mbele unafuata, mkono wa gurudumu unasukumwa chini, na kwa kuwa gurudumu liko ardhini haliwezi kushuka zaidi, ni gari linalopanda. Uzito unaokaa juu ya fimbo ni uleule wa jana, kwa hiyo fimbo nayo imesokoteka kwa kiasi kilekile cha jana. Umepata kimo, lakini nguvu hukuongeza.

Narudia hapa kwa makusudi, kwa sababu maneno yanayosemwa kwenye gereji zetu ni kinyume chake: "Kaza tosheni, gari libebe." Anayetaka gari libebe zaidi mbele anahitaji fimbo nyingine, nene zaidi. Ugumu wa fimbo ya namna hii hupanda kwa kipenyo chake kuzidishwa chenyewe mara nne. Ukitoa fimbo ya milimita 24 na kuweka ya milimita 26, tofauti ambayo jicho halioni bila kipimo, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 38. Milimita 2 tu. Hakuna nati duniani itakayokupa hilo, hata uizungushe hadi nyuzi zikatike.

Mbona basi wenye magari husema baada ya kukaza gari limekuwa gumu? Hawadanganyi. Gurudumu lina safari mbili, ya kupanda na ya kushuka, na zote zina mwisho. Ukiinua gari kwa nati unaichukua safari ya kushuka na kuifanya ya kupanda. Ukichukua nyingi, gurudumu linakuwa linaning'inia karibu na mwisho wake wa chini muda wote. Kila shimo dogo linalifikisha mwisho, chuma kinagota kwenye kizuizi chake, na dereva anasikia pigo kwenye mikono. Anaita ugumu. Kwa kweli ni springi iliyonyimwa nafasi ya kufanya kazi.

Wazo la kutumia fimbo inayosokotwa kama springi ya gari lina umri wa karibu karne moja. Ofisi ya Ferdinand Porsche huko Stuttgart ilipeleka maombi ya hataza mwaka 1931, na mwaka 1934 Citroën ya Ufaransa ikatoa Traction Avant, gari la watu wa kawaida lililosimama juu ya fimbo hizo. Afrika Mashariki tulizijua kupitia Volkswagen, ile Beetle ya duara. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, gari hilo dogo lilishangaza wengi, na baadaye lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope lililozamisha magari yenye injini kubwa kuliko yake. Tosheni zake za nyuma hazikuwa na nati ya kurekebishia. Zilikuwa na meno kwenye ncha zote mbili, 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Fundi alirudisha jino moja huku, akapeleka mbele jino moja kule, na tofauti iliyobaki ilikuwa chini kidogo ya digrii 1. Aliyefikiria hesabu hiyo, 40 na 44, naona aliwapenda mafundi watakaokuja baada yake.

Leo pikapu mpya zimeachana na tosheni. Hilux za kizazi cha Vigo, kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004, zina koili mbele, na Isuzu D-Max nazo zilihama kwenye kizazi cha pili. Lakini magari yanayofanya kazi kwenye mashamba ya Nyanda za Juu Kusini si mapya. Ni Hilux za kabla ya Vigo, D-Max za kizazi cha kwanza, Nissan Hardbody, Mitsubishi L200 za zamani, Pajero za vizazi viwili vya mwanzo, Land Cruiser VX za namba 100. Na Hiace, ambazo nitazirudia. Fuso na Scania zinazopanda Kitonga hazimo katika habari hii. Nyingi kati ya hizo zimesimama juu ya majani mbele na nyuma, na kimo chake ni hadithi nyingine.

Langu lilikuwa Hilux ya mwaka 2002, dizeli ya 5L. Nililinunua likiwa halijachezewa. Shemeji yangu analima viazi Ilembo, Umalila, na msimu ukifika tunashusha magunia kutoka kule milimani hadi Mbalizi, kwenye lami. Barabara ile wakati wa masika haina huruma: udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na maji yanachimba mifereji katikati ya njia ya matairi. Mara mbili difu ya nyuma iligota. Nikafanya kama wanavyofanya wote. Kwanza nikaongeza majani mawili ya springi nyuma, kila upande.

Hapo ndipo matatizo ya mbele yalipozaliwa, na yalizaliwa nyuma. Likiwa na mzigo, pikapu lilikaa vizuri. Likiwa tupu, nyuma ilisimama juu na pua ikainama kama mbuzi anayenusa chini. Halikupendeza, na kila aliyeliona alisema, "Mbele limelala, kaza tosheni." Nikaenda gereji moja mjini Mbeya. Kijana akaingia chini ya gari, magurudumu yakiwa ardhini, akavuta spana kwa bomba refu, na baada ya dakika ishirini pua ilikuwa imepanda vidole vitatu. Pikapu likasimama wima, linavutia macho. Nililipa na kuondoka nimefurahi.

Safari ya kwanza na mzigo ilikuwa usiku. Magunia yalipopakiwa, nyuma ilishuka, mbele ikapanda zaidi, na taa zikaangaza matawi ya mikaratusi badala ya barabara. Kila gari lililokuja mbele yangu liliniwashia taa kunikaripia. Kwenye lami usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, gari linatanga kushoto na kulia bila mimi kuliambia. Kwenye rasta za kabla ya matuta, mikono ilikuwa inapigwa hadi mabegani. Wiki chache baadaye, nikishuka kutoka Isongole kwenda Tukuyu, nilianza kusikia mlio wa tak-tak-tak kila ninapokata kona. Mpira wa sivi jointi upande wa kushoto ulikuwa umechanika, grisi yote imerushwa kwenye rimu, na mchanga umeingia. Matairi ya mbele, ambayo hayakuwa na miezi minne, yalikuwa yameliwa upande mmoja hadi nyuzi zinachungulia. Nilinunua sivi jointi na matairi mawili, fedha ambayo ingetosha kununua mbolea ya ekari ya shemeji.

Ndiyo hali niliyolipeleka nayo Ipogolo, baada ya zaidi ya kilomita 300 za kuushikilia usukani kama mtu anayeongoza ng'ombe asiyetaka zizi.

"Kamwene," fundi alisalimia, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Huwa unabeba nini, na unakiweka wapi?"

Nikamweleza viazi. Akatikisa kichwa. "Viazi vinakaa nyuma, mwalimu. Tosheni iko mbele. Hawa hawajuani."

Na ni kweli tupu. Katika pikapu, mzigo hulala juu ya ekseli ya nyuma na mwingine hupita nyuma yake. Ule unaopita nyuma unafanya kazi ya mizani: unashusha mkia na kuinua kichwa. Kwa hiyo pikapu lililojaa viazi linaweza kukandamiza tosheni zake kidogo kuliko lilipokuwa tupu. Kinachozilemea fimbo za mbele kila siku ni injini ya dizeli, gia boksi, na watu wa mbele. Ukifunga ngao nzito ya chuma au winchi, hapo ndipo mbele itashuka kwa haki, na nati ina kazi ya kufanya. Gunia la viazi haliihusu.

Tena gunia lenyewe si siri lina nini. Gunia halali la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa, ile inayoshonewa kilemba cha viazi juu ya mdomo, inapita hapo kwa mbali. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani 1 kamili, na hiyo tayari ndiyo mwisho wa pikapu ya kawaida. Yakiwa lumbesa ya kilo 130 kila moja, ni tani 1.3. Mkulima amedhulumiwa kilo 30 kwa kila gunia, na gari limebeba kilo 300 ambazo hakuna aliyezilipia. Lumbesa inapigwa vita kwa sababu inamwibia mkulima, na ninakubaliana na vita hiyo kwa moyo wote. Lakini ningependa na wenye magari waione kwa jicho hili pia: majani yale mawili niliyoongeza nyuma, pua iliyoinama, nati iliyokazwa, mpira uliochanika, mnyororo wote ule unaanzia kwenye kilemba cha gunia.

Fundi aliegesha gari kwenye mistari yake ya chokaa. Akapima upepo wa matairi yote manne na kuyasawazisha, kwa sababu tairi lililopungua upepo linaweza kukuonyesha tosheni dhaifu isiyokuwepo. Akaniambia nikae kwenye kiti cha dereva. "Wewe ndiye utakayeendesha, si mimi." Kisha akachukua futi na kupima, siyo kutoka ardhini, bali kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Ukipima hivyo, tairi jipya au lililochakaa halikudanganyi. Kushoto sentimita 52.5. Kulia 51. Yule kijana wa Mbeya hakuwa amepima chochote. Alikaza kwa macho, na gari lilikuwa limesimama kama mtu aliyevaa viatu vya jozi mbili.

Akainua mbele kwa jeki, akaweka magogo ya msindano chini ya chesisi, akaweka na kabari nyuma ya matairi. Magurudumu yakaning'inia. Akapima tena: sentimita 54. "Umeona? Ulikuwa umebakiwa na sentimita moja na nusu ya kushuka. Kila shimo lenye kina cha vidole viwili, umegota." Akanionyesha shafti zinazotoka kwenye difu ya mbele kwenda magurudumuni. Zilikuwa zimeinama kwa pembe kali, na mpira wa upande wa kulia, ambao ulikuwa bado mzima, mikunjo yake upande mmoja ilikuwa imevutwa hadi inang'aa na ile ya upande wa pili inasuguana. Shafti ile huzunguka kila gari linapotembea. Pembe ikizidi, mpira unatafunwa na sivi jointi inafanya kazi kwenye kona ambayo haikutengenezewa.

Kazi yenyewe ya kurekebisha ilikuwa ya polepole. Alisugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya hadi kutu ikaisha, akazimwagia mafuta ya kupenya, akatuacha tunywe chai. Aliporudi, kabla ya kushika spana, alihesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati kila upande na kuziandika kwa chokaa kwenye chesisi. Ukipotea njiani, alisema, urudi ulikotoka.

Na hakugusa nati mpaka magurudumu yawe yananing'inia. Hili nalisisitiza kwa kila atakayejaribu kazi hii nyumbani. Gari likiwa ardhini, bolti ile inashikilia nguvu yote ya mbele ya gari iliyosokotwa ndani ya fimbo. Kukaza kwa bomba refu katika hali hiyo kunakula nyuzi, na bolti ikikatika kile chuma cha nyuma kinajigeuza ghafla, na mkono wa mtu ukiwa njiani hautabaki salama. Magurudumu yakining'inia, sehemu kubwa ya nguvu imeondoka. Si yote. Hata hivyo spana ya kawaida inatosha.

Alilegeza nati kwa nusu mzunguko, akahamia upande wa pili, nusu mzunguko. Tena. Kisha akashusha gari. Nilidhani atapima hapohapo, lakini aliniambia niliendeshe hadi getini na kurudi, nikikanyaga breki taratibu mara mbili. Sababu yake nilikuja kuielewa nilipochuchumaa na kutazama: gari likitoka kwenye jeki, matairi yamejivuta ndani, na msuguano wa mpira na ardhi unalizuia lisikae. Ukipima wakati huo utapata kimo cha uongo. Inabidi matairi yabingirike, yajitanue, mikono ikae mahali pake. Mimi naamini magari mengi yaliyoharibiwa hapa kwetu yaliharibiwa na kosa hili moja: fundi anapima likiwa limetoka tu kwenye jeki, analiona liko juu au chini, anaongeza mzunguko, na mwenye gari anapofika nyumbani kimo ni kingine kabisa.

Tulirudia safari ya getini mara tano. Upande mmoja ukiguswa, wa pili nao unasogea kidogo, kwa hiyo huwezi kumaliza kushoto kisha ukaenda kulia. Ilipofika saa saba mchana tulikuwa na sentimita 48 kushoto na 48 kulia, mimi nikiwa kwenye kiti. Safari ya kushuka ilikuwa sentimita 6 sasa, na juu kulikuwa na nafasi ya kutosha kabla ya mkono kugusa mpira wa kuzuia. Mikono ya magurudumu ilikuwa imelala karibu sawa na ardhi.

"Kama unataka juu zaidi?" nilimuuliza.

"Sentimita mbili, mbili na nusu kutoka kimo cha kiwandani, basi. Ukitaka zaidi ya hapo nunua matairi makubwa kidogo, au jifunze kuchagua njia." Nimeulizia kwingine tangu siku hiyo, nimepima magari ya jamaa, na sijaona sababu ya kubishana naye. Tairi likiongezeka sentimita 4 kwa kipenyo, difu inapanda sentimita 2 kutoka ardhini. Nati haiwezi kuipandisha difu ya nyuma hata kwa unywele, na difu ya nyuma ndiyo iliyokuwa inagota Umalila.

Akaniagiza mambo matatu. Kwanza, nitoe jani moja kati ya yale mawili niliyoongeza nyuma. Pili, niende moja kwa moja kufanya alaimenti, nisipitie popote. Kimo kikibadilika, magurudumu yanabadili namna yanavyosimama na yanavyoelekea. Yaliyokuwa sambamba yanaweza kupishana, na tairi litaanza kuliwa kuanzia siku hiyo. Tatu, taa nazo zirekebishwe upya, gari likiwa na mzigo nyuma.

Wakati naaga, Hiace ya abiria iliingia, mbele imelala upande wa kulia. Nilidhani ni kazi ileile. Haikuwa. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na dereva na abiria wake wamekaa karibu juu kabisa ya magurudumu. Mzigo wa mbele ni wa kweli, wa kutwa nzima, mwaka mzima, na dereva hashuki. Fundi alipoishika nati ya kulia alikuta imekazwa hadi nyuzi zimeisha. Fimbo ile ilikuwa imechoka. Chuma chake kimekubali kubaki kimejisokota kidogo na hakirudi tena chote. Hapo kukaza hakuna maana, kunabaki kubadilisha.

Ndipo alipomwonyesha yule dereva kitu kwenye fimbo iliyotolewa. Kulikuwa na alama tatu za patasi, ambazo fundi aliyetangulia alizipiga ili akumbuke meno yanakaa wapi. Fimbo inayosokotwa huumia zaidi kwenye ngozi yake kuliko kwenye moyo wake. Ndani katikati karibu hakuna msukosuko, juu ndipo kuna vita. Mkwaruzo mmoja kwenye ngozi ni mahali pa ufa kuanzia. Alama huwekwa kwa rangi. Na kulia haihamii kushoto: kiwandani kila fimbo ilizoeshwa kusokotwa upande mmoja, ndiyo maana ncha zake zina herufi au mshale. Dereva alikuwa anasikiliza kwa makini, ameshika fimbo ile mikononi kama mtu aliyepewa mtoto.

Nililala Mafinga. Asubuhi niliendesha katikati ya misitu ya Sao Hill kwenda Makambako, ukungu umeshuka hadi kwenye lami, na usukani ulikuwa umerudi kuwa na uzito wake. Nilikuwa nimesahau kwamba gari lile linaweza kwenda lilikoelekezwa.

Msimu uliofuata nilinunua futi yangu na kuiweka kwenye dashibodi. Kule Ilembo, shemeji alipomaliza kupakia magunia manane, yote ya kilo 100, yamefungwa mdomo bila kilemba, nililipeleka gari mbele kidogo na kulirudisha, nikapima kushoto, nikapima kulia. Ndani ya boneti, Ipogolo, fundi alikuwa ameniandikia kwa rangi nyeupe: TUPU 48, 48. Nikachovya kijiti kwenye kopo la rangi na kuandika chini yake: MAGUNIA 8, 49, 49.